Mkunga kijana na kazi ya inje ya inchi: mambo ya kujua mbele ya kuuza kiwanja

Tangu tulipopitisha kipindi chetu juu ya akina mama wanaozalia katika kambi za wakimbizi wa ndani huko Djugu, simu ya redio haijanyamaza. Tulifikiri wasikilizaji watauliza juu ya kambi. Kumbe jumbe nyingi zimetoka kwa wasichana, na wavulana wawili watatu, ambao wametoka kumaliza masomo ya ukunga hapa Bunia, Aru, Mahagi, hata Mambasa. Ulizo lao ni moja: namna gani mtu aende kufanya kazi hiyo Bulaya, Kanada, ao kwa Waarabu?

Makala hii ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi wao, juu mara nyingi mzazi ndiye anatoa franga. Nitasema wazi pia kwamba jambo hili limepita nyumbani kwetu. Mdogo wangu ni mkunga. Nitafika kwake.

Diploma yako inaitwa nini hasa?

Hapa kwetu kila mtu anayezalisha anaitwa sajifamu. Kwa wale wa inje, haiko hivyo hata kidogo. Wanauliza kwanza: ulisoma wapi, miaka ngapi, na karatasi inasema neno gani?

Katika Kongo tuko na ngazi zaidi ya moja. Kuna wale wa A2, waliosoma ukunga ao uuguzi kwenye shule za afya za sekondari, zile tunaita ITM, chini ya wizara ya afya. Kuna wa A1, waliofanya miaka 3 ya gradua kwenye ISTM, chini ya wizara ya elimu ya juu. Na kuna wa A0, waliomaliza lisansi. Sasa mfumo wa LMD umekuja na kuita lisansi ile miaka 3 ya kwanza. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuwa na karatasi yenye neno "lisansi", moja ni ya miaka 5, ingine ni ya miaka 3. Mtu wa biro ya Brussels hawezi kujua hiyo kama haumuelezi.

Shirikisho la Kimataifa la Wakunga, ICM, linasema mkunga anayeanza moja kwa moja anapashwa kusoma angalau miaka 3, na yule aliyekuwa tayari muuguzi angalau miezi 18. Basi mwenye A2 ya sekondari, hata kama amezalisha akina mama mia tano, mlango wake inje ya inchi ni mdogo sana. Ni uchungu kusema hivyo, juu wengi wa A2 ndio wanabeba maternite zetu za vijijini. Lakini ni vizuri dada ajue leo kuliko kuijua kisha kulipa.

Jambo lingine: muuguzi aliyejifunza kuzalisha kazini haandikwi kuwa mkunga. Uingereza kwa mfano daftari la wauguzi na daftari la wakunga ni mambo mawili. Unaomba kwa ile uliyosomea.

Kitabu cha staji, ile karatasi tunayotupa

Hapa nitakawia kidogo, juu ndipo watu wetu wengi wanaanguka.

Umoja wa Ulaya uko na kipimo kilichoandikwa katika sheria yake ya mwaka 2005 juu ya kutambua kazi za kitaalamu. Mwanafunzi wa ukunga anapashwa kuwa amepima wajawazito angalau mara 100 mbele ya kuzaa, amezalisha yeye mwenyewe akina mama wasiopungua 40, amefuata akina mama 40 wenye hatari, na ametunza wazazi 100 pamoja na watoto wao kisha kuzaa. Kule kwao akina mama wenye kuzaa ni wachache, ndiyo sababu sheria inaruhusu kushuka mpaka 30, mradi mwanafunzi amesaidia kwa wengine 20. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya shule zao, lakini mtu anayelinganisha dosie yako anatembea na kipimo hicho kichwani.

Sasa, mwanafunzi wa Kongo kuzalisha watu 40? Kuna wanaomaliza hesabu hiyo katika staji moja ya likizo. Shida yetu ni kwamba hakuna mahali pameandikwa. Kitabu cha staji kilitiwa sahihi bila tarehe, ao mkubwa wa maternite alitia sahihi kurasa zote siku moja, kwa kalamu moja, ao kitabu kilibaki shuleni, ao kilipotea wakati wa kukimbia vita.

Cha mdogo wangu kilipotea hivyo. Walikimbia usiku, alichukua mtoto wa dada yetu mgongoni na akaacha begi. Kisha miaka miwili ndipo alijua kitabu kile kilikuwa na thamani kuliko diploma. Alichofanya, nawapa kama njia: alirudi kwenye hospitali alikofanya staji, akaomba ruhusa kwa barua, akakaa siku 9 na rejista za maternite. Katika rejista kuna safu ya jina la aliyezalisha. Alipata jina lake mara 61. Daktari mkubwa alimwandikia hati yenye hesabu, tarehe ya kwanza na ya mwisho, muhuri na sahihi. Majina ya akina mama hayakuandikwa, na ni vizuri hivyo. Siri ya mgonjwa inabaki siri.

Kama ungali mwanafunzi, andika kila kitu leo: tarehe, namna mtoto alikuja, alikuja kwa kichwa ao kwa matako, kama mama alishonwa, nani alikuwa anakusimamia. Piga picha ya kila ukurasa na uitume kwa imeili yako mwenyewe. Simu inaibiwa, lakini imeili inabaki.

Karatasi zingine na safari ya Kinshasa

Wengi wanamaliza masomo na hati ya muda tu, wakingojea diploma yenyewe miaka na miaka. Hati ya muda karibu kila mahali haitoshi. Diploma inapashwa kuidhinishwa na tume ya wizara ya elimu ya juu, halafu inapigwa mihuri, mpaka wizara ya Mambo ya Inje na ubalozi wa inchi unayoendea. Karibu hayo yote yanafanyika Kinshasa, na kutoka Bunia mtu anaenda Kinshasa kwa ndege. Kama uko na mtu wa kuaminika kule, mtengenezee barua ya kukuwakilisha. Hakuna sababu ya wewe mwenyewe kupanda ndege mara tatu.

Kusanya pia karatasi za pointi za kila mwaka, programu ya masomo yenye saa za kila somo, hati ya kuzaliwa, hati ya polisi kwamba hauna kesi, na pasipoti. Pasipoti kwa bei ya serikali iko chini ya dolari 100. Anayekuomba 250 anakula tofauti.

Halafu kuna karatasi moja inayosumbua kuliko zote: barua ya kwamba uko mkunga halali na haujawahi kusimamishwa. Mabaraza mengi ya inje yanataka barua hiyo itoke moja kwa moja kwa baraza la kazi la inchi yako, si kwa mkono wako. Wauguzi wa Kongo wako na Baraza lao, lililoundwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Wakunga wako na chama chao cha kitaifa, SCOSAF. Jiandikishe kwanza nyumbani, uliza kwa maandishi nani anaweza kukuandikia barua hiyo, na uliza mbele ya kuanza kulipa mahali pengine popote.

Ubelgiji: kuna viza mbili

Wasikilizaji wengi wanataja Ubelgiji, juu ya lugha na juu ya ndugu walioko kule. Ile inayowapoteza watu ni neno "viza". Kule, viza ya mkunga si ile inabandikwa katika pasipoti. Ni ruhusa ya kufanya kazi ya afya, inayotolewa na wizara ya afya ya serikali kuu. Mtu anaweza kuwa na viza ya kuingia na asiwe na viza ya kazi, na bila hiyo ya pili hawezi kugusa mama mwenye mimba.

Mbele ya hapo diploma inapashwa kupata ekivalansi. Upande wa Kifaransa ni biro ya Shirikisho la Wallonie-Bruxelles, upande wa Kiflamandi ni NARIC. Angalia tofauti: upande wa Kifaransa mkunga anasoma miaka 4, upande wa Kiflamandi miaka 3. Dosie ya Mkongo mwenye miaka 3 basi mara nyingi itaonekana fupi upande ule ambao anajua lugha, na itaonekana sawa kwa urefu upande ule ambao hajui neno hata moja. Mambo ya dunia.

Kuna pia ekivalansi ya kiwango tu, inayosema umefika ngazi fulani ya masomo. Ni nzuri kwa kuomba kazi ya kawaida ao kuendelea na masomo, lakini kwa ukunga haitoshi. Kama mtu anakuonyesha karatasi ya ekivalansi na kusema "nimekubaliwa", soma mpaka mstari wa mwisho. Jibu linalokuja mara nyingi ni kwamba ongeza mwaka mmoja ao miwili ya masomo kule. Mwaka wa shule Ubelgiji unahitaji mtu wa kukudhamini na pesa ya kuishi. Hapo ndipo wengine wanabaki wakitunza wazee kwenye nyumba za kulelea, miaka inapita, na mikono inasahau.

Ufaransa na Kanada

Ufaransa mkunga anahesabiwa katika kazi za kitabibu, pamoja na daktari na daktari wa meno. Tangu mwaka 2024 wanaoanza masomo hayo kule wanasoma miaka 6, kufuata sheria ya Januari 2023. Aliyesoma inje ya Ulaya anapitia mtihani wa kupima ujuzi, EVC, unaoandaliwa na kituo kinachoitwa CNG. Ni kongkuru: nafasi zinahesabiwa, na kupata pointi nzuri si kusema umepata nafasi. Anayeshinda anafanya mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi, kisha tume inaangalia dosie, kisha ndipo anaandikwa na Baraza la wakunga.

Kanada, wanaosema Kifaransa wanaangalia Quebec. Baraza la kule linaitwa OSFQ. Shule ya ukunga ni moja tu kwa jimbo nzima, ile ya chuo kikuu cha Trois-Rivières. Wanalinganisha masomo yako na yao, na kama kuna pengo wanakuongezea mafunzo. Mkunga wa Quebec anafuata mama yule yule tangu mimba mpaka wiki za kwanza za mtoto, na anazalisha kwenye nyumba za uzazi, hospitalini, ao nyumbani kwa mama mwenyewe.

Uingereza: mlango uko wazi, lakini hakuna wa kukufuata nyumbani

Hapa sikilizeni vizuri. Shirika la Afya Duniani, OMS, liko na orodha ya inchi ambazo zimepungukiwa sana na watu wa afya. Orodha ya mwaka 2023 iko na inchi 55, na Kongo yetu imo. Maana yake: inchi tajiri zisije kuchukua wauguzi na wakunga wetu kwa makundi. Uingereza imeiweka orodha hiyo katika kanuni zake. Waajiri na maajansi ya kule hawaruhusiwi kuja kutafuta watu Kongo.

Lakini orodha haimfungi mtu. Mkunga anayeona tangazo la kazi mwenyewe na kuomba mwenyewe, hiyo inaruhusiwa. Kwa hiyo yule bwana mwenye biro karibu na soko, anayesema anaandikisha wakunga kwa ajili ya hospitali za serikali ya Uingereza, ama anavunja kanuni, ama hana hospitali yoyote. Na tangu sheria ya Uingereza ya mwaka 1973, ajansi haina haki ya kumlipisha mtu kwa kumtafutia kazi. Akikuomba pesa "ya kazi", hiyo tu inatosha kusimama na kuondoka.

Njia yenyewe inapitia baraza linaloitwa NMC. Kwanza Kingereza, juu sisi tumesoma kwa Kifaransa. Katika mtihani wa IELTS wa kitaaluma wanataka 7 kwa kusoma, kusikiliza na kusema, na 6.5 kwa kuandika. Kuna pia mtihani wa OET, uliotengenezwa kwa ajili ya watu wa afya. Kwa mtu wa Bunia kituo cha karibu ni Kampala, na mtihani unapita dolari 200, bila kuhesabu basi na kulala. Kisha kuna mtihani wa kompyuta, wa hesabu za dawa na wa ukunga. Mwisho ni mtihani wa vitendo, OSCE, unaofanyika Uingereza peke yake na unaokaribia pauni 800. Waajiri wengine wanaulipa wao, uliza mbele ya kusaini.

Ile 6.5 ya kuandika ndiyo inaangusha watu. Si neno la ukunga, ni insha. Panga mwaka mzima wa kujifunza Kingereza, si miezi mitatu.

Neno moja kwa wale wanaoambiwa "anza kama mtunza wazee, utageuka mkunga ukiwa ndani". Mlango wa watunza wazee kutoka inje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Kama mtu angali anauza nafasi hizo, anauza hewa.

Kwa Waarabu, na kwa majirani

Saudia, Emirati, Qatar na Oman wanaajiri wakunga kweli. Wanahakikisha diploma yako kupitia kampuni ya DataFlow, ambayo inaandikia shule yako moja kwa moja. Kama katibu wa shule hajibu imeili, dosie inakufa hapo. Nenda umwambie mbele. Kuna mtihani wa kompyuta, na mara nyingi wanataka uzoefu wa kazi, mara nyingi miaka 2. Aliyemaliza mwezi jana hatapita. Kingereza kinahitajika. Kiswahili utakisikia Muscat, juu Waomani wengi wako na mizizi Zanzibar, lakini hakiandikwi katika faili la mgonjwa.

Hatari ya upande huo ni mkataba. Msichana anaondoka na neno "hospitali" mdomoni, anafika na kukuta mkataba wa kazi ya nyumbani, na kwa mfumo wao mwenye kukuita ndiye anashika karatasi zako za kukaa. Angalia viza yako mbele ya kupanda ndege: imeandikwa kazi gani? Kama hauelewi Kiarabu, tafuta mtu asome. Misikiti yetu iko na watu wanaojua.

Majirani, je? Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na soko la pamoja linazungumza juu ya wafanyakazi kuvuka mipaka. Mikataba ya kutambuana iliyosainiwa katika Jumuiya iligusa wahasibu, wahandisi, wasanifu wa majengo na waganga wa mifugo. Mkunga angali anaenda kupiga hodi kwa baraza la kila inchi: Uganda, Kenya, Rwanda, Tanzania, kila moja na lake. Kuvuka Mahagi ni rahisi, kuandikwa Kampala si rahisi. Na tukumbuke kwamba Kenya yenyewe ilifanya mapatano na Uingereza mwaka 2021 ya kupeleka watu wake wa afya, juu wako na wengi wasio na kazi.

Yaliyotupata

Mdogo wangu alimaliza, akaingia maternite moja ya hapa mjini kama wa kujitolea. Miezi 14. Sehemu yake ya primu ya hapo mahali ilikuwa kati ya dolari 10 na 25 kwa mwezi, kufuata akina mama waliolipa. Matrikule ya serikali hana mpaka leo. Ndio wale wanaitwa "nyuvel inite", watu wapya ambao serikali inawatumia lakini haijawaandika kwenye orodha ya malipo.

Akaja komisionere, mtu wa kanisa, mwenye heshima. Kanada, siku 21, dolari 1,500. Mama yetu aliuza kiwanja cha marehemu baba. Mimi mwanahabari nilisoma ile barua ya hospitali na nikafurahi pamoja na wengine, sitaficha. Ilikuwa na rangi nzuri na muhuri. Haikutaja baraza la wakunga popote, haikuuliza mtihani wowote, na imeili ya hospitali hiyo ilikuwa ya Gmail. Mambo hayo matatu nayaona leo. Siku ile sikuona.

Bwana yule alizima simu kisha mwezi mmoja. Tulipeleka malalamiko polisi, tukaombwa pesa ya kalamu na karatasi. Kiwanja kimejengwa tayari na mwenyewe mpya. Mama hajawahi kumgombeza mdogo wangu, lakini akipita barabara ile anageuza uso upande mwingine.

Kazi yenyewe iko namna gani kule

Hili halizungumzwi sana, na wakunga walioko inje wanasema ndilo lililowashangaza kuliko baridi.

Mkunga wetu anajua kutoa mtoto wa matako kwa mikono, anajua kuamsha mtoto asiyelia kwa ambu na kitambaa kikavu, anajua kusimamisha damu wakati taa imezimika. Kule mtoto wa matako mara nyingi anaenda kwa upasuaji. Mashine inasoma moyo wa mtoto na kuchora mistari, na mkunga anapashwa kuisoma mistari hiyo na kuandika alichofikiri, saa na dakika. Akina mama wengi wanachomwa sindano ya mgongo ya kuondoa uchungu. Mama anazaa huku akisoma simu yake. Kila kitu kinaandikwa kwenye kompyuta. Usipoandika, haukufanya, na mbele ya mahakama utabaki peke yako.

Halafu kuna namna ya kusema na mama. Hapa kwetu, tukubali, maternite iko na maneno makali, na kuna wanaopiga mama kofi mguuni ili asukume. Kule hata kumpima kwa vidole unaomba ruhusa kila mara, na akisema hapana, ni hapana. Mkunga anayebeba tabia ya hapa atapoteza ruhusa ya kazi kwa wiki moja. Nadhani hata asiyesafiri anaweza kuanza na hiyo kesho asubuhi, haiombi ekivalansi.

Uingereza mkunga mpya hatupwi peke yake. Kuna kipindi cha kusindikizwa, karibu mwaka mmoja, anaanza ngazi ya 5 ya mishahara na kupanda ya 6. Ni kitu kizuri ambacho hapa hatuna: hapa umemaliza Ijumaa, Jumatatu unashika zamu ya usiku peke yako.

Miaka miwili ya kwanza

Ushauri wangu, na ni wangu tu: aliyemaliza jana asianze na ubalozi. Mabaraza na waajiri wengi wanauliza uzoefu, na mashirika ya kiutu yanayopeleka wakunga inchi zingine kwa kawaida yanaomba miaka 2. Njia hiyo inasahaulika, hali wakunga wa Kongo, na Kifaransa chao, wanahitajika Afrika ya Kati, Chad na kwingine. Anayefanya kazi miaka 2 hapa na karatasi safi, mkataba, hati ya huduma, jina kwenye orodha ya zamu, yuko mbele kuliko mwenye distinksio bila siku moja ya kazi.

Najua mtu atauliza: miaka 2 kwa dolari 15 kwa mwezi? Ndiyo shida yenyewe. Mahesabu ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalionyesha akina mama 547 wanakufa Kongo kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Ripoti kubwa ya dunia juu ya wakunga ya mwaka 2021 ilisema dunia imepungukiwa wakunga 900,000. Serikali ilianzisha uzazi wa bure mwaka 2023, kuanzia Kinshasa, na ni jambo zuri kwa mama. Lakini maternite iliyokuwa inagawana pesa ya akina mama waliolipa inapashwa kupata pesa hiyo pengine, na mkunga asiye na matrikule ndiye wa kwanza kukosa. Siwezi kumwambia binti wa mtu abaki kwa sababu inchi inamhitaji, wakati inchi haijamwandika hata jina.

Mdogo wangu yuko Bunia bado. Asubuhi anafanya zamu, jioni anafuata Kingereza pamoja na wenzake watano katika chumba cha paroisi, wanalipa mwalimu franka 10,000 kila mmoja kwa mwezi. Diploma yake iko Kinshasa kwa ajili ya muhuri. Hati ya rejista, ile ya 61, ameipiga nakala nne: moja kwake, moja kwa mama, moja kwangu hapa redioni, na moja kwenye imeili.